Lile swali la foleni ya mashine ya kusaga nililoomba lifutwe humu: halikuwa langu, lilikuwa la mjukuu wangu

Wakuu, habari za muda huu. Wadogo zangu marahaba, na kama yupo aliyenizidi umri humu ndani, shikamoo yake naitanguliza.

Mwaka jana niliweka uzi hapa kuuliza namna nzuri ya kupanga foleni kwenye mashine ya kusaga. Mlichangia sana. Halafu ghafla nikawaandikia mods wauondoe, wakauondoa, na baadhi yenu mkanitumia PM za hasira. Mmoja alisema nimeshalipwa na mwenye mashine. Mwingine akasema wazee tuache kuchezea simu za wajukuu.

Simu ni yangu, mkuu. Ila kwa habari ya mjukuu ulikaribia ukweli bila kujua.

Leo nawaeleza lile swali lilitoka wapi na lilifanya nini. Nitalieleza kama lilivyokuwa, hata pale ninapoonekana mjinga, na sehemu hizo si chache.

Mimi ni mkazi wa Nangara, hapa Babati mjini. Nilisoma mpaka kidato cha nne enzi zile, nikafanya kazi ya stoo kwenye chama cha ushirika, na sasa nalima mahindi na mbaazi. Nyumbani niko na mke wangu, Mama Yohana, na mjukuu wetu Fausta, binti wa huyo Yohana. Mwaka jana Fausta alikuwa kidato cha nne, shule ya kutwa.

Siku moja alirudi akasema Ticha Sulle, mwalimu wao wa hisabati, amemchagua yeye na wenzake wawili, Happiness na Daudi, waingie mashindano ya kimataifa ya hisabati. Wanayaita modelling.

Nikadhani ni yale ya kufungiwa chumbani, kengele ikilia mnakusanya karatasi. Akasema siyo. Timu inapewa swali moja kuhusu jambo la kweli la dunia hii: maji, barabara, ugonjwa, msongamano wa watu. Inakaa nalo siku kadhaa. Vitabu ruksa, intaneti ruksa, kompyuta ya shule ruksa. Mwishoni wanaandika ripoti ndefu ya Kiingereza, inatumwa nje ya nchi.

"Na jibu mnalinganisha na la nani?" nikamuuliza.

"Halina jibu moja, babu."

"Hisabati isiyo na jibu?"

"Ina majibu mengi. Wanaangalia umefikaje."

Mama Yohana alikuwa anachambua maharage pembeni. Akasema, "Basi babu yako asingeweza. Miaka yote anafika tu, ukimuuliza amepitia wapi anakuwa mkali."

Wakuu, nilicheka, lakini jambo lile lilinishika. Nilikuwa nimeishi na hisabati ya shule kama mtu anayeishi na jirani asiyemsalimia. Sasa nikawa nauliza kila siku: leo mmefundishwa nini?

Ticha alikuwa anawapa maswali ya mazoezi. Moja lilikuwa hili: Ziwa Babati lina ndoo ngapi za maji?

Nikamwambia hilo ni swali la mlevi. Fausta akasema, "Sawa. Ila ungeanzaje?"

Jumapili tukatoka kanisani tukashuka mpaka ziwani, mimi na suti yangu. Akasema, "Tuseme ziwa ni sinia."

"Ziwa siyo sinia."

"Najua, babu. Tuseme."

Tukatafuta urefu na upana kwenye ramani ya simu. Kina tukamuuliza mvuvi mmoja, naye akatuonyesha kwenye mti wake wa kusukumia mtumbwi maji yanafika wapi. Fausta akazidisha, akapata namba ndefu kama treni. Mimi nikafurahi, nikadhani tumemaliza.

Kumbe ndiyo kwanza tunaanza. Akasema, "Sasa tuulize sinia limetudanganya wapi." Kule kwenye matete, viboko wanakolala, maji ni ya magotini. Katikati ni zaidi ya ule mti. Akapunguza hapa, akaongeza pale. Jibu lake la mwisho lilikuwa "kati ya hapa na hapa, kwa sababu hizi".

Nikiwaambia ile ilikuwa Jumapili tamu kuliko nyingi nilizoishi, mtaniamini? Umri wangu wote nilikuwa sijui kwamba hesabu inaweza kuanza na neno "tuseme", halafu mtu akarudi kulikagua lile neno lake mwenyewe.

Basi. Siku za mashindano zikafika.

Siku ya kwanza Fausta alirudi na karatasi mkononi. Nikamuuliza swali ni nini. Akasema, "Babu, hili siruhusiwi kuongea na mtu." Akasema kwa adabu, akaenda kuteka maji.

Hapa ndipo nilipokosea, na nataka mnielewe nilikosea vipi, maana sikukosea kwa ubaya.

Huku kwetu mtu akichelewa kuvuna, majirani hawasubiri aje kuomba. Wanaona shamba limesimama, wanapanga siku, wanaingia. Mwenye shamba anapika, basi. Ukimsubiri aje mlangoni kwako kuomba, umemwaibisha. Ndivyo nilivyolelewa, na ndivyo nilivyovuniwa mimi mwenyewe mwaka nilioumwa mgongo.

Kwa hiyo mtoto aliposema "siruhusiwi kuongea", mimi nilisikia mtu anayeona aibu kuomba. Na aliporudi siku ya pili ameinamisha kichwa, anafuta na kuandika, anafuta na kuandika, mimi niliona shamba limesimama.

Karatasi ilikuwa mezani. Yeye hayupo. Nikachukua kamusi yangu nikaisoma.

Lilikuwa swali zuri, wakuu. Lilisema: chagueni mahali mnapopajua ambapo watu husubiri huduma. Bunini namna ya kuwapanga iliyo bora kuliko iliyopo. Kwanza elezeni "bora" maana yake nini.

Pembeni Fausta alikuwa ameandika kwamba wamechagua mashine ya Massay, hapa hapa Nangara. Ndipo nikaelewa kwa nini watoto wale watatu walishinda pale wamekaa kwenye tofali wakiandika. Massay mwenyewe alishawatania, "Nyie mnaniandika nini? Mmetumwa na watu wa mapato?"

Mnaojua mashine za kusaga mnajua shida yake. Huyu ana gunia, yule ana kisado. Huyu anakoboa kwanza, yule anataka dona. Akija mwenye ulezi wa uji, anayemfuata na mahindi unga wake unatoka na madoa, ugomvi unaanza. Mtoto aliyetumwa anaambiwa "we subiri kwanza". Na mzee kama mimi, nikitokea tu, nasikia "shikamoo Baba Yohana, pita". Napita. Sijawahi kujiuliza nampita nani.

Nikalitafsiri swali lote, nikaliweka humu kama ni la kwangu. Mnakumbuka majibu yenu. "Mzee nunua mashine yako foleni iishe." "Babu oa wa pili awe anakaa kwenye foleni." Huyo wa pili Mama Yohana alimsoma, na bado anamtafuta.

Lakini akatokea mmoja anayejiita Nyigu Mweupe. Akaandika kwa utulivu kabisa. Akasema wenye mzigo mdogo watangulie, kwa sababu mwenye gunia akiwa mbele, wote walio nyuma wanasubiri gunia, ila mwenye kisado akiwa mbele, wote wanasubiri kisado. Ukijumlisha kusubiri kwa watu wote, kunapungua sana. Akasema pia nafaka zinazofanana zifuatane ili mashine isisafishwe kila mara. Akaweka na mfano wa namba, safi, hatua kwa hatua.

Nilikaa nikaurudia mfano ule mpaka ukaingia. Kisha nikaunakili kwenye karatasi kwa mwandiko wangu wa stoo, na wakati wa chakula cha jioni nikauweka pembeni ya sahani ya Fausta.

Akausoma wote. Nilikuwa namwangalia usoni nikisubiri afurahi.

"Babu, hii umeitoa wapi?"

"Kwa watu wangu wa mtandaoni."

"Umewawekea swali?"

"Lote. Nimelitafsiri vizuri tu, usiwe na wasiwasi."

Akasogeza sahani. Akanieleza taratibu, kama anamweleza mtoto, kwamba timu hairuhusiwi kusaidiwa na mtu yeyote wa nje. Kuangalia watu kwenye mashine ruksa, kusoma kitabu ruksa, kumuuliza mtu namna ya kutatua hapana. Na swali halitakiwi kuwekwa popote mpaka mashindano yafungwe. Wao wameshasaini. Ticha atasaini mwishoni.

Nikasema, "Basi nipe hiyo karatasi niichome."

"Utachoma karatasi. Mimi nimeshasoma."

Ndipo nilipowaandikia mods. Sasa mnajua.

Asubuhi nilikwenda naye shuleni. Sikutaka akaseme peke yake. Ticha Sulle alituketisha na wale wenzake wawili, nami nikaeleza.

Daudi akawa wa kwanza. "Ticha, kwani huko nani anajua Kiswahili?"

"Simu zinatafsiri siku hizi, Daudi," Happiness akamjibu. "Na wewe ndiye uliyekuwa unatafsiri kila kitu kwa simu, umesahau?"

Ticha akauliza nani ameisoma ile karatasi. Fausta tu. Akamuuliza kama wazo lile la mizigo midogo walikuwa wameshalifikia wenyewe kabla.

Fausta akasema maneno ambayo mpaka leo nayasikia. "Nilikuwa nalikaribia, ticha. Au nadhani nilikuwa nalikaribia. Sasa siwezi tena kujua, na ndiyo shida."

Mkuu wangu unayesoma hapa, angeweza kusema ndiyo. Neno moja tu. Hakuna mtu duniani angeweza kumpinga.

Ticha aliwaandikia waandaaji siku hiyo hiyo. Nikamwomba aandike kwamba kosa ni la mzee. Akasema, "Mzee wangu, nitaandika ni lako. Lakini kichwa kilichosoma ni cha kwake." Jibu likarudi: wale wawili ambao hawakuona wanaweza kuendelea na walichokuwa nacho, mwalimu aeleze kila kitu kwenye fomu. Aliyeona atoke.

Fausta akatoka. Happiness na Daudi wakamaliza wawili, kazi ya watu watatu, tena wakipishana naye pale shuleni bila kuzungumzia jambo lile. Miezi kadhaa baadaye vikaja vyeti. Kimoja kimebandikwa ofisini kwa mkuu wa shule. Kina majina mawili.

Mimi huwa napita pale nikienda mjini. Siingii.

Ningeishia hapa mngesema mzee ameleta kilio. Lakini kuna kilichofuata, na ndicho kilichonifanya niandike.

Mashindano yalipofungwa, Fausta alinijia na ile karatasi ya Nyigu Mweupe. Alikuwa ameihifadhi.

"Sasa siyo siri tena," akasema. "Twende kwa Massay tukaijaribu."

Nilishangaa. Mimi nilikuwa nikiiona karatasi ile natamani ardhi inimeze, yeye alikuwa anataka kujua tu kama inafanya kazi.

Massay akakubali, Jumamosi, kwa sharti kwamba kukiwa na ugomvi tutautatua sisi. Mzigo mdogo mbele, mkubwa nyuma. Mwanzoni ilikwenda vizuri mno. Watoto waliotumwa na visado walikuwa wanarudi nyumbani wanakimbia. Nikasema moyoni, Nyigu ana akili huyu.

Kisha mama mmoja aliyekuwa na gunia akaangalia, akaelewa, akazunguka nyuma ya ukuta. Akarudi na watoto wake wote, kila mmoja na kisado kichwani, na yeye mwenyewe mikono mitupu anaangalia mawinguni.

Massay akauliza, "Hawa wa nani?"

"Wanajitegemea!"

Massay alicheka mpaka unga uliomganda nyusini ukamdondoka. Muda si mrefu hapakuwa na gunia hata moja Nangara nzima, ni visado tu.

Na mimi nikaongeza la kwangu. Nilikuwa nimekuja na debe langu, nikaamua siku hiyo niwe mfano: nasimama kwenye nafasi yangu, sipiti. Mbele yangu alikuwa Mama Paulo, jirani yetu.

"Baba Yohana, pita."

"Leo sipiti. Kuna utaratibu."

"Mimi siwezi kusagiwa wewe umesimama. Watasema nimelelewa wapi?"

Akakaa pembeni. Aliyekuwa mbele yake naye akageuka, akaniona, akakaa pembeni. Na wa mbele yake. Mashine inanguruma, hakuna anayesogea, mimi nimesimama kama mlingoti na debe langu.

"Mzee!" Massay akapiga kelele. "Mota inazunguka bure! Pita, au nenda nyumbani!"

Nikapita. Wote wakanishangilia, na mimi nikasagiwa kwa aibu kubwa.

Nikamtazama Fausta nikitegemea amekata tamaa. Alikuwa amekaa kwenye lile tofali lao, anacheka na kuandika kwa wakati mmoja.

Tulipokuwa tunarudi akanieleza. "Huyo wa mtandaoni alisema tuseme kila mtu ni mzigo wake. Hapo ndipo hesabu yake ilipotudanganya. Mama wa gunia siyo mzigo, anafikiri. Na wewe siyo debe, wewe ni mzee."

"Kwa hiyo alikosea?"

"Hakukosea. Hajawahi kufika kwa Massay tu."

Aliishughulikia wiki kadhaa, safari hii akiuliza kila mtu: Massay, Mama Paulo, wale watoto wanaotumwa, hata yule mama wa visado, ambaye ndiye aliyemsaidia kuliko wote kwa sababu alijua njia zote za kudanganya. Ulezi ukapewa asubuhi yake, kabla ya mahindi. Gunia likawa linaingia kila baada ya mizigo midogo michache, kwa hiyo kuligawa hakukusaidii tena. Na kuhusu sisi wazee, akamwomba Massay aweke benchi ukutani kwenye kivuli.

Utaratibu wenyewe ni huu. Ndoo na magunia yanapangwa kwenye mstari uliochorwa sakafuni. Ndoo ndiyo inayosubiri. Mtu anakaa anapotaka. Mzee akifika anaamkiwa, anapishwa kwenye benchi, anapewa hata maji ya kunywa. Ndoo yake inakwenda mwisho wa mstari kama nyingine.

Mama Paulo aliuliza, "Sasa si ni kumkosea adabu Baba Yohana?"

Fausta akamjibu, "Babu tumempa benchi. Ndoo yake haina umri."

Watu wakakubali. Siwezi kusema kila siku wanafuata, umeme ukikatika na kurudi inakuwa vurugu kama zamani. Lakini mara nyingi wanafuata.

Mara ya kwanza nilipokaa kwenye lile benchi, ndoo yangu ilikuwa nyuma ya kindoo cha mtoto wa shule ya msingi. Nikakaa. Nikaendelea kukaa. Jua likahama kutoka miguuni likafika kifuani. Nimekwenda mashine ile tangu Massay hajaoa, na siku hiyo ndiyo nilijua foleni yake ina urefu gani.

Fausta sasa yuko kidato cha tano mkoa mwingine. Shule aliyopangiwa haina mwalimu wa mambo hayo ya modelling, kwa hiyo nafasi ile ilikuwa ile ile moja. Hajawahi kunilaumu, na ningependa wakati mwingine anilaumu.

Nilichojifunza nakisema kwa kifupi. Kumwona mtu anahangaika siyo sawa na kumsikia anaomba. Mimi nilichanganya vitu hivyo viwili nikadhani ni wema. Mtoto akikwambia "hili siruhusiwi", muulize kwa nini, kabla hujafungua kamusi. Na ukiweka swali humu, sema ni la nani. Nyigu Mweupe, kama bado upo, niwie radhi. Ulimjibu mzee mwenye foleni, kumbe nilikuficha kwamba unamjibu mtoto aliye kwenye mtihani. Jibu lako lilikuwa zuri. Ukipita Babati, benchi lipo.

Likizo iliyopita nilijipa moyo nikamuuliza Fausta kama lile jambo bado analo moyoni. Alikuwa anamenya viazi. Akafikiri, akasema, "Tuseme yameisha, babu."

Nikamshukuru. Lakini wakuu, mimi nilikwenda naye ziwani. Neno hilo kwake ni la kuanzia hesabu, halijawahi kuwa la kumalizia.

Sasa nawauliza. Huko kwenu, kwenye mashine, zahanati, bombani, mnapangaje foleni, na nani huwa anapitwa bila mtu kumwona? Andikeni hata kama ni mistari miwili. Nina hamu kweli ya kujua.

Na safari hii swali ni langu mwenyewe.